Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: plasta peke yake haimtoshi mama aliyevunjika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali na Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa (MSD)

Waheshimiwa,

Ninaomba jambo moja. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akiletwa hospitali amevunjika nyonga kwa kuteleza tu uani, asirudishwe nyumbani kabla mfupa wenyewe haujatibiwa. Plasta, vyuma na mawe ya kuvutia mguu vinaunga pale palipokatika. Havigusi sababu iliyofanya mfupa ukatike kwa anguko ambalo mtoto angenyanyuka, akajipangusa vumbi na kuendelea kucheza. Sababu hiyo, udhaifu wa mifupa, ina dawa iitwayo asidi ya zoledroniki. Ni dripu ya robo saa, mara moja kwa mwaka, na tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa hata ikitolewa kwa nadra zaidi ya hapo inafanya kazi. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2007, hataza yake imekwisha, na viwanda vingi sasa vinaitengeneza. Wodini kwetu hakuna.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa katika hospitali ya mkoa, upande wa pwani. Upande wa wanawake, ukiondoa ajali za bodaboda, maelezo kwenye mafaili yanafanana: aliteleza bafuni alfajiri akienda kutawadha, alijikwaa kizingitini, aliinua ndoo ya maji, mgongo ukaachia. Huyu wa ndoo mara nyingi hata hafiki kwetu. Huambiwa mgongo ni uzee, akapewa diklofenaki, akarudi, akapewa tena, na mwaka hadi mwaka kimo kinapungua na kibiongo kinaota. Eksirei ingeonyesha pingili za uti wa mgongo zimebonyea. Lakini nani anampeleka bibi eksirei kwa kulalamika mgongo?

Wa nyonga ndio tunaokesha nao. Pale upasuaji unapochelewa, iwe ni kwa vyuma kukosekana au kwa ndugu kuchangishana, mama analala chali wiki kadhaa, mguu unavutwa kwa mawe, na humo katikati vinaingia vidonda vya mgongo, nimonia, na damu kuganda mishipani. Wengine huondolewa na ndugu kupelekwa kwa mganga wa kuunga mifupa. Siwalaumu hata kidogo. Wameona tulivyomlaza bila kumfanyia kitu. Wanaonusurika, wengi wao hawarudii mwendo wao wa zamani, na kuna binti mahali fulani anayefunga genge lake la nyanya ili abaki nyumbani kumgeuza mama. Gharama ya lile genge haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wengi wao tulishawaona. Mama anakuja akiwa na miaka hamsini na kitu, kifundo cha mkono kimevunjika kwa kujikinga asianguke. Tunampiga plasta, tunampa tarehe ya kuja kuifungua, kwaheri. Miaka inapita, analetwa kwa machela, safari hii nyonga. Anayevunjika mara moja kwa anguko dogo yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika tena kuliko mwenzake wa umri uleule, na hilo limeandikwa kwenye vitabu vya tiba kwa miongo. Ule mkono ulikuwa umeshatoa taarifa, sisi ndio hatukuisoma.

Mtanisamehe nikieleza kidogo yanayotokea ndani, kwa sababu wapo watakaoisoma barua hii ambao si madaktari. Mfupa unaishi. Zipo seli zinazokula mfupa mkuukuu na zipo zinazojenga mpya mahali pake, na estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayowashika mkono walaji wasizidishe. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka na ulaji unaupita ujenzi. Katika miaka ya mwanzo mwanamke hupoteza kati ya asilimia 1 na 2 ya mfupa wa uti wa mgongo kila mwaka, wengine zaidi ya hapo, na hasikii maumivu yoyote. Ni kama boriti ya mkoko iliyoingia mchwa: kwa nje ni ileile, mpaka siku dari inaposhuka. Madaktari huuita ugonjwa huu osteoporosisi.

Dawa ninayoizungumzia ni asidi ya zoledroniki, ya kundi la bisfosfoneti. Ikiingia mwilini hunasa kwenye mfupa, hasa pale unapoliwa. Seli mlaji ikija kung'ata, inaimeza dawa pamoja na mfupa, na inalemaa. Kiasi kinachobaki hukaa ndani ya mfupa kwa miaka. Ndiyo maana haihitaji kutolewa kila siku wala kila mwezi.

Ushahidi wake si wa kubahatisha. Mwaka 2007 zilitoka tafiti mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa na wanawake zaidi ya 7,700 wenye mifupa dhaifu, nusu wakipewa dripu ya miligramu 5 kila mwaka kwa miaka 3 na nusu wakipewa dripu isiyo na dawa. Waliopasuka pingili za mgongo walikuwa asilimia 10.9 upande usio na dawa, na 3.3 upande wenye dawa. Nyonga zilizovunjika zilishuka kutoka asilimia 2.5 hadi 1.4. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Iliwachukua wagonjwa 2,127, wanawake kwa wanaume, waliokwisha kuvunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji, yaani watu wale wale waliolala kwenye vitanda vyetu, na dripu ilianza ndani ya siku 90 baada ya upasuaji. Si kwamba waliovunjika tena baadaye walipungua tu. Waliokufa walipungua pia. Upande usio na dawa walifariki asilimia 13.3, upande wa dawa 9.6. Nijuavyo mimi, ni dawa chache mno tunazompa mgonjwa wa wodi ya mifupa zenye matokeo ya namna hiyo.

Kisha likaja swali la kupunguza. Mwaka 2018 watafiti wa New Zealand walitangaza matokeo ya wanawake 2,000 wenye miaka 65 na kuendelea, ambao mifupa yao ilikuwa imepungua lakini wengi hawajafikia kiwango cha osteoporosisi. Badala ya kila mwaka, walipewa dripu kila baada ya miezi 18, dripu nne tu kwa miaka 6. Kati ya wanawake 1,000 wasiopewa dawa, 190 walivunjika. Kati ya 1,000 waliopewa, 122. Na mwaka 2025 watafiti wa nchi hiyohiyo wakatoa jambo lililonishangaza hata zaidi: wanawake 1,054 wa miaka 50 hadi 60 walifuatiliwa kwa miaka 10. Kundi moja halikupata dawa, la pili lilipata dripu moja tu mwanzoni, la tatu lilipata mbili, mwanzoni na mwaka wa tano. Pingili mpya zilizobonyea zilionekana kwa asilimia 11.1 ya wasiopata kitu, 6.6 ya waliopata dripu moja, na 6.3 ya waliopata mbili. Dripu moja, Mheshimiwa Waziri, kwa muongo mzima.

Sasa, nikisema kipimo kidogo naona baadhi ya wenzangu wanakunja uso, wanadhani naomba tiba nusu kwa ajili ya maskini. Hebu tulinganishe. Dawa hiyohiyo imo kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya mifupa iliyoingiliwa na saratani. Mgonjwa wa saratani kwa kawaida hupewa miligramu 4 kila wiki 3 au 4. Kwa mwaka zinapita 45. Mama wa mifupa dhaifu anahitaji 5 kwa mwaka, na kwa zile tafiti za New Zealand hata hazifiki. Madhara mengi yanayotajwa kwa hofu kuhusu dawa hii, hasa kuoza kwa mfupa wa taya, yalijulikana kwanza kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakipewa dozi hizo kubwa. Kwa dozi ya mifupa dhaifu ni adimu.

Na inawezekana hata 5 ni nyingi. Auckland walijaribu dripu moja ya miligramu 1, ya 2.5 na ya 5 kwa wanawake 180 waliokoma hedhi, wakachapisha mwaka 2012. Baada ya mwaka, makundi yote matatu yalikuwa na mfupa mzito kuliko kundi lisilo na dawa, na ya 2.5 ilikaribiana sana na ya 5. Niseme wazi kwamba wanawake 180 hawatoshi kuonyesha nani atavunjika na nani hatavunjika. Walipimwa uzito wa mfupa tu. Lakini tazameni kinachofuata kwa nchi kama yetu. Chupa ya saratani ni ya miligramu 4, ile ya mifupa ni ya 5, na ni dawa moja. Je, chupa ya 4 haiwezi kumtosha mama wa nyonga? Mimi si mfamasia wala mtafiti na sitajifanya. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ipo, Chuo Kikuu cha Muhimbili kipo, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ipo. Swali hili wanaliweza, na jibu lake lina fedha ndani yake.

Ninajua mtaulizwa: kwa nini dripu, vidonge si vipo? Vipo, na alendroneti ni dawa nzuri; utafiti wa mwaka 1996 kwa wanawake 2,027 waliokuwa na pingili zilizobonyea ulionyesha kuwa inapunguza kuvunjika nyonga kwa nusu. Kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki, kinauzwa maduka ya dawa ya mjini kwa anayemudu. Shida ni masharti yake. Kimezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, wala si chai, wala si maziwa, kisha mtu akae wima nusu saa bila kula wala kujilaza, la sivyo kinaunguza koo au hakiingii mwilini kabisa. Mama niliyenaye hapa hufungua kinywa kwa chai ya rangi na kitumbua tangu akiwa msichana. Mwezi wa kwanza atajitahidi. Mwezi wa nne, kwa kuwa haumwi popote na haoni tofauti, ataacha, na hata huko kwenye nchi tajiri wengi huacha ndani ya mwaka. Dripu akishapewa amepewa. Hakuna wa kumkumbusha, hakuna nauli ya kufuata vidonge kila mwezi, na MSD wakichelewa robo mwaka mfupa hautajua.

Hapo nina onyo moja dogo. Ipo sindano nyingine ya kisasa inayochomwa kila baada ya miezi 6, denosumabu, na bila shaka wauzaji wake watabisha hodi. Ni dawa yenye nguvu, lakini ikikatishwa, mfupa hupukutika kwa kasi na pingili zinaweza kubonyea kadhaa kwa mpigo. Katika mfumo ambao dawa huisha stoo bila taarifa, dawa isiyosamehe kuchelewa ni hatari.

Kuhusu kurudishia homoni yenyewe sitaenda mbali. Utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002 uliwatisha watu kwa sababu ya saratani ya matiti na kiharusi, ingawa huohuo ulionyesha kuvunjika nyonga kumepungua kwa takriban theluthi, na tangu hapo dozi ndogo, zikiwemo plasta za kubandika ngozini, zimeonyesha kulinda mfupa. Kwa mama wa miaka 51 anayeteswa na joto la ghafla usiku, ni mazungumzo yake na daktari wake.

Wapo pia watakaosema ugonjwa huu ni wa Wazungu. Nimeusikia msemo huo hata kwa madaktari. Kweli tafiti nilizotaja wengi wa washiriki wake si wanawake wa Kiafrika, na hiyo ni sababu nyingine ya kufanya yetu. Lakini wanawake wetu wanaishi miaka mingi kuliko mama zao. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3 wenye miaka 60 na kuendelea. Na kuna jambo la kwetu zaidi, ambalo Ulaya hawanalo kwa ukubwa huu. Maelfu ya wanawake walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiwa vijana sasa wanakoma hedhi, wakiwa hai na wenye afya, alhamdulillahi. Wengi wamemeza tenofovia, mojawapo ya dawa hizo, kwa miaka, na tenofovia ya aina tunayotumia hupunguza uzito wa mfupa. Virusi vyenyewe hupunguza pia. Wanawake hawa wanakuja kliniki ya CTC kwa tarehe, wana faili, damu yao inapimwa. Kama kuna mahali rahisi pa kuanza kuwauliza wanawake habari za mifupa yao, ni pale.

Mashine ya kupima uzito wa mfupa ni chache mno nchini na ziko miji mikubwa. Hilo lisiwe kisingizio. Mwanamke aliyekoma hedhi, akavunjika nyonga au pingili kwa anguko la kimo chake mwenyewe, na daktari akaridhika kwamba si saratani wala kifua kikuu cha mgongo, hahitaji mashine kuthibitishiwa kuwa mfupa wake ni dhaifu. Miongozo ya nchi nyingi humtibu moja kwa moja. Wa kifundo cha mkono anahitaji kuangaliwa mambo zaidi kwanza: umri wake, uzito wa mwili, kama mama yake alivunjika nyonga, kama anatumia prednisoloni, dawa inayodhoofisha mifupa. Kwa hayo hakuna mashine inayotakiwa, ni kalamu na dakika tano.

Madhara sitayaficha, maana sisi wauguzi ndio tutakaoyaona. Figo lazima zipimwe kwanza; zikiwa zimechoka sana, zikichuja chini ya mililita 35 kwa dakika, dripu haipewi. Na hapa ile diklofenaki ya miaka inarudi kutudai, kwa sababu nayo huchosha figo. Kalsiamu na vitamini D zisiwe chini, la sivyo kalsiamu ya damu itaporomoka. Jua tunalo tele, lakini bibi asiyetoka ndani, au anayetoka amejisitiri mwili mzima, halimfikii. Jino bovu ling'olewe kabla, si baada. Mfupa wa paja unaweza kupata ufa wa ajabu kwa watumiaji wa miaka mingi; ni nadra, na ndiyo sababu dawa husimamishwa kwa muda baada ya miaka kadhaa badala ya kutolewa milele.

Lililo jepesi kuliko yote ndilo linaloweza kutuharibia. Karibu mtu 1 kati ya 3 hupata homa, baridi na maumivu ya mwili ndani ya siku tatu za dripu ya kwanza. Paracetamol inatuliza, na dripu ya pili huwa haina vurugu hizo kwa wengi. Lakini fikirieni bibi aliyerudi kijijini na homa ya namna hiyo. Zahanati watampa mseto, dawa ya malaria, bila kumpima, jirani watasema hospitali wamemchoma sumu, na mwakani hatarudi. Mstari mmoja kwenye kadi yake, unaosema homa hii inatarajiwa, apimwe malaria kwanza, na apewe Paracetamol, ungezuia yote.

Kuna pengo la sera ambalo nadhani limepita bila kuonekana. Sera zetu za wazee zinaanzia miaka 60. Dirisha la Wazee, msamaha wa malipo kwa wasiojiweza, mabango ya "Mzee Kwanza", yote ni ya 60 kwenda juu. Hedhi hukoma karibu na miaka 50. Ile miaka kumi ambayo mfupa unaliwa kwa kasi, na ambayo utafiti wa 2025 ulionyesha dripu moja inasaidia, mwanamke wetu hayumo kwenye dirisha lolote. Si mjamzito tena, hayupo kliniki ya uzazi, na mzee bado hajawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kumweka mahali, ikiwa kitita cha mafao kitaitaja dawa hii kwa jina na kwa ugonjwa huu, si kwa saratani peke yake.

Kwa hiyo ninachoomba kwenu kinaanzia hapo: dawa iingie kwenye Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu kwa mwanamke aliyevunjika baada ya kukoma hedhi, ishuke hadi hospitali za mikoa na baadaye wilaya, na NIMR wapewe fedha za kujaribu dozi ndogo kwa wanawake wa hapa. Sidai kila mama wa miaka 50 atundikiwe dripu kesho. Tuanze na waliokwisha kuvunjika, ambao tayari wako kitandani kwetu, mshipa umeshapatikana na damu imeshachukuliwa.

Na kuna moja lisilohitaji hata shilingi ya dawa. Katika rejesta yetu, mama aliyeteleza bafuni anaandikwa safu moja na kijana aliyegongwa na lori: amevunjika, basi. Mwisho wa mwezi takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinapanda wizarani zikiwa zimechanganyika, na MSD hawawezi kuagiza dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeuhesabu. Naomba safu moja iongezwe: ameangukaje, na kama ni mwanamke, hedhi imekoma? Kalamu ninayo, na nikipata kibali chenu nitaanza Jumatatu.

Wenu katika huduma,
Muuguzi, wodi ya mifupa
Mkoa wa Tanga